Usikate yote: miche minne ya Bogor na michikichi yetu ya Kigoma

Wengi hamkufika Mwandiga Jumamosi. Wengine mvua, wengine msiba, na wengine najua kabisa ni mpira. Mmeniomba niandike nilichoongea, basi hiki hapa, nimekisikiliza kwenye rekodi ya simu ya mdogo wangu na kukiandika kilivyo. Palipopita bodaboda nimekisia. Zile picha nilizobandika ukutani nimeziacha, hazikuonekana vizuri hata kwa waliokuwepo.

Shikamooni wazee wangu. Mwakeye mama zangu! Vijana mliokaa kwenye pikipiki huko nyuma, mambo?

Mwenyekiti asante kwa nafasi. Najua jua limeshapanda na kuna watu hapa wameacha pipa jikoni, na mawese hayamsubiri mtu, kwa hiyo sitawachosha. Wengi mnanijua, mimi ndo yule mama wa kitalu, sio profesa. Naotesha miche, naiuza, ikifa nalaumiwa mimi. (Kicheko.) Binti yangu anasoma kilimo Morogoro na kila akirudi likizo ananiletea vitu vya kusoma, namwambia nitafsirie hiki, nitafsirie kile, mpaka anachoka. Nitakayosema leo ni hayo niliyoyasoma, nikachanganya na ya shambani kwangu.

Nianze na swali. Nani hapa jana usiku kala mgebuka wa mawese? Nyoosheni mikono. Naona karibu wote, hata mtendaji. Sasa swali la pili: yale mawese yalitoka kwenye mchikichi upi? Sio shamba la nani. Mchikichi upi?

Mnaona kimya hicho?

Hicho kimya ndo kimenileta. Tangu mwaka 2018 serikali iliposema chikichi ni zao la mkakati na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kikaanza kazi, hapa Kigoma kila mtu anataka tenera, ile michikichi ya kisasa yenye mafuta mengi, na ni haki yake. Nchi bado inaagiza mafuta mengi ya kula kutoka nje wakati sisi tumekaa juu ya mchikichi kama mtu aliyekalia pochi yake akiitafuta. Mimi sijaja kuwaambia msipande tenera. Pandeni! Nitawauzia! Lakini msimu huu nimepita Simbo, nimepita mpaka kwetu Ilagala, kila ninapopita nasikia chensoo. Mtu anaangusha michikichi yote ya babu yake kwa siku mbili, hasazi hata mmoja, ndo apange mistari. Nikauliza mmoja, baba, huu nao unaukata kwa nini, akanijibu, mama, huu ni wa kienyeji. Basi, hukumu imeshatoka!

Naombeni kisu. Mama Asha wa mgahawa kaniazima hiki, nitakirudisha.

Nina chikichi mbili mkononi. Kwa mbali ni pacha, si ndiyo? Zote nyekundu kuelekea rangi ya chungwa, zote kichwa cheusi kidogo. Hii ya kwanza naikata katikati... naona kisu kimegonga jiwe hapo, sogeeni mama zangu muone. Nyama ya nje nyembamba. Alafu gamba la kokwa, nene, gumu, ile ambayo ukiigonga vibaya jiwe linahamia kwenye kidole. Ndani kabisa mise, nyeupe. Hii ni dura, ndo karibu yote tuliyorithi.

Ya pili. Kisu kinaingia vizuri zaidi, mmesikia tofauti? Nyama imejaa, mafuta yananitiririka mpaka kwenye kiganja. Gamba jembamba kama la karanga, yani karibu. Na mtazame hapa pembeni ya gamba, kuna vidoti vyeusi vimezunguka kama shanga. Hizo ni nyuzi. Ukiviona vidoti hivo ujue hii ni tenera. Mkungu wenye uzito uleule, wa tenera unakupa mafuta kama asilimia 30 zaidi ya wa dura. Kwa hiyo anayesema tenera ni maneno ya wataalamu tu, aje achome kidole hapa alambe.

Sasa nisikilizeni yaliyonikuta mimi, maana ndo yalinifanya nianze kuuliza maswali. Kabla sijawa na kitalu, mwaka 2008, jirani yetu Ilagala alikuwa na mchikichi mmoja ambao kokwa zake ni nyembamba, wazee wote wanaujua, watoto walikuwa wanaupenda kwa sababu ukitafuna unashiba. Mimi nikajiona mjanja. Nikaomba mkungu mmoja, nikaloweka, nikaotesha, nikasubiri, mnajua mbegu ya chikichi inavyochosha roho, miezi inapita unafukua kuangalia kama imeoza. Nikapata miche, nikapanda 40, nikapalilia, nikazuia mbuzi wa watu na ugomvi juu. Miaka minne! Mwaka wa nne mikungu ikatoka, nikaenda na kisu kama hiki, nikaanza kukata. Wa kwanza jiwe. Wa pili jiwe. Wa tatu mwembamba, nikashangilia. Wa nne jiwe. Mwisho wa hesabu 21 ni kokwa nene, 17 nyembamba, na miwili ikawa inatoa maua kwa fujo, mizuri kwa macho, lakini mikungu inaoza kabla haijafika popote. Mume wangu akaniuliza, hivi ulipanda mbegu au ulipanda bahati nasibu?

Nililaumu udongo. Nikalaumu jirani, nikasema kaniroga mkungu. Kumbe jibu lilikuwepo tangu mwaka 1941, na halikuwa mbali, ni hapo ng'ambo ya ziwa. Kituo cha Yangambi, kule Kongo karibu na Kisangani, wakati wa Wabelgiji, watafiti wawili, Beirnaert na Vanderweyen, walikaa na swali hilihili langu. Wakapandanisha, wakasubiri, wakakata chikichi, wakahesabu. Wakakuta unene wa gamba unarithiwa kwa kinasaba kimoja tu. Kila mchikichi una nusu mbili, moja ya mama, moja ya baba. Nusu nene na nusu nene ni dura. Nusu nene na nusu isiyo na gamba, hiyo ndo tenera. Na zikikutana nusu mbili zisizo na gamba unapata pisifera, ndo ile miwili yangu iliyooza, maana mikungu yake mara nyingi haifiki kuiva. Kwa hiyo tenera ni chotara. Mama dura, baba pisifera, watoto wote tenera, asilimia mia. Lakini ukichukua mbegu ya tenera mwenyewe ukaotesha, umerudi kwenye karata. Akichavushwa na dura za majirani, nusu ya watoto ni dura. Akichavushwa na tenera mwenzake, robo dura, robo pisifera. Jirani yangu hakuniroga. Mchikichi wake ulizungukwa na dura karibu tupu, ile miwili iliyooza tu ndo baba yake hakuwa dura, na mchikichi unatoa maua ya kiume na ya kike kwa zamu, sio kwa wakati mmoja, kwa hiyo baba wa watoto karibu siku zote anatoka nje ya boma.

Ndo maana mbegu ya tenera unaichukua Kihinga au kwa mtu anayeitoa huko kihalali, sio kwa jirani. Hilo limeisha.

Hapo ndo wengi wetu tunasimama, tunasema basi tumeujua mchikichi. Hapana jamani. Tumeujua kinasaba kimoja! Mwaka 2013 walikisoma mpaka herufi zake, na kabla ya hapo tulikuwa tunakijua kwa sababu kinaonekana kwa kisu. Mchikichi una jozi 16 za kromosomu, na humo ndani kuna vinasaba maelfu kwa maelfu. Nani ana kisu cha kuonesha mchikichi unaovumilia kiangazi? Nani ana kisu cha kuonesha mchikichi ambao ugonjwa utakaokuja mwaka 2040 hautauweza? Hicho kisu hakipo. Unajua siku balaa limefika, unapita shambani, mingine imelala, mmoja umesimama. Na kama huo mmoja ulishaukata mwaka jana kwa sababu ni wa kienyeji?

Niwape hadithi ya miche minne.

Mnajua Indonesia na Malaysia. Mawese ya dunia nzima, zaidi ya asilimia 80 yanatoka nchi hizo mbili. Kule mchikichi haukuwepo. Mchikichi ni mtoto wa Afrika, kwao ni kuanzia Senegali huko, unashuka Guinea, Nigeria, Kameruni, Kongo, Angola, na upande huu wa mashariki unakuja kuishia kwetu, kwenye ziwa letu. Mwaka 1848 Waholanzi wakapanda miche minne kwenye bustani ya mimea ya Bogor, kisiwa cha Java. Miwili ilipitia Amsterdam, miwili ilitoka visiwa vya Bahari ya Hindi. Minne! Hesabuni vidole hivi. Ilipandwa kama mapambo tu, watoto wake wakapelekwa Deli, Sumatra, wakapangwa kando ya barabara kwenye mashamba ya tumbaku. Baadaye ndo watu wakastuka kwamba haya si mapambo, haya ni mafuta. Mwaka 1917 Malaysia ikapata shamba lake la kwanza la biashara, Tennamaram, jimbo la Selangor. Kutoka hapo msitu baada ya msitu, mpaka leo. Na akina mama wa tenera wanaopandwa kule karibu wote ni hao dura wa Deli, wajukuu wa miche minne.

Na akina baba? Pisifera wengi walitoka Kongo, na kuna ukoo mmoja maarufu unaitwa AVROS ambao ukifuatilia unarudi kwenye mti mmoja, una namba kabisa, SP540. Mti mmoja. Yani ukoo wa mamilioni ya hekta unakaa kwenye benchi moja la kanisa na nafasi inabaki.

Unaniuliza kuna ubaya gani, si wanapata hela? Wanapata. Mpaka siku ambayo hawapati. Tena sisi hapa hatuhitaji kufundishwa hilo, nani asiyeikumbuka batobato ya muhogo? Nani asiyewahi kung'oa muhogo, kwa macho majani mazuri, unaukata ndani una michirizi ya kahawia kama kuni iliyooza? Kijiji kizima mmepanda mbegu moja mliyogawana kwa upendo, ugonjwa ukija unapita kama moto kwenye makuti. Kwenye michikichi nako ni hivohivo. Huko Asia kuna kuvu linaitwa ganoderma linaozesha shina kuanzia chini. Kolombia, upande wa Tumaco, kuoza kwa kiini cha juu kulifuta maelfu na maelfu ya hekta. Na walitokaje? Wakamtafuta binamu wa porini, mchikichi wa Marekani ya Kusini, mfupi, mvivu wa kurefuka, mafuta yake kidogo, ambao kwa miaka na miaka walikuwa wanaudharau. Wakauoanisha na wa kwetu ndo chotara wao akahimili. Ule wa kudharauliwa, mama zangu.

Ngoja niwape na ya mdudu, hii naipenda sana. Walipouchukua mchikichi kwenda Asia waliuchukua peke yake, mwali bila somo. Kule Malaysia mikungu ikawa haijai vizuri, chikichi nyingi hazishiki. Wakawa wanalipa watu, wengi wao wanawake, wanapita mchikichi kwa mchikichi wanapuliza chavua kwa mkono kwenye maua ya kike. Piga picha mashamba makubwa vile. Wakisema upepo ndo unachavusha, ni upepo tu, basi mbona Afrika hatupulizi? Akatokea mtaalamu wa wadudu, Mpakistani, anaitwa Rahman Syed, akaenda Kameruni akakaa chini ya michikichi akatazama. Akaona kidudu kidogo, ndugu yake fukusi wa mahindi, ana mdomo kama mkonga. Anazaliana kwenye ua la kiume, likichakaa anahama, anapita kwenye ua la kike akiwa kapakaa chavua mwili mzima. Mwaka 1981 wakamwachia Malaysia baada ya kumchunguza kwamba hatakula mazao mengine. Kazi ya kupuliza ikaisha. Zaidi ya miaka 130 toka Bogor, kumbe mfanyakazi bora kabisa walikuwa wamemwacha nyumbani!

Na baada ya hapo, au niseme hata kabla, wakaanza kurudi. Walijua benchi lao ni fupi. Malaysia walianza Nigeria mwaka 1973, wakaja Kameruni na Zaire, na mwaka 1986 wakafika Tanzania. Tanzania wapi? Sio Tanga. Wakakusanya chikichi kutoka michikichi hii, ya porini na ya nusu porini, wakaenda kuipanda kwenye kituo chao Kluang, jimbo la Johor. Wanaipanda hai, shamba zima, kwa sababu mbegu ya mchikichi haikubali kukaa miaka kwenye ghala la baridi kama mahindi. Kwa hiyo sasa hivi tunavyoongea kuna michikichi yenye asili ya Kigoma imesimama Malaysia, kila mmoja una namba yake na daftari lake, mtu anapima mikungu yake. Kutoka Nigeria walipata michikichi mifupi, inayorefuka polepole, mvunaji hahangaiki na mti mrefu. Na ya kwetu? Ziwa letu liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na vilima vyetu vinapanda zaidi ya hapo. Mchikichi wa Kigoma umezoea usiku wa baridi na kiangazi kirefu, na baridi hiyo ule wa pwani ya Guinea haujaizoea. Wazalishaji wa mbegu wa Costa Rica wakachukua damu ya Kigoma, wakachukua na ya Bamenda, milima ya Kameruni, wakatengeneza mbegu za sehemu za baridi. Baridi yetu hii ya Juni inayotufanya tununue masweta, kumbe mahali fulani ni mtaji.

Nisiwadanganye lakini. Waliopima vinasaba vya michikichi ya nchi mbalimbali za Afrika waliona Nigeria ndo inaongoza kwa utofauti. Madagaska wako peke yao kabisa, kama waliotengwa na ukoo. Wale wa Deli ndo wako chini, hilo mmeshaelewa kwa nini. Kigoma sisi ni ukingoni, mwisho wa ramani ya mchikichi upande huu. Lakini mtu wa ukingoni naye hujifunza kuishi na shida ambazo wa katikati hajazionja.

Mtu mmoja kaniuliza pale mlangoni, mama, hii ya kwetu kweli ni ya porini? Nani kaipanda? Swali zuri. Marehemu bibi yangu alikuwa akiona michikichi imesimama kwa duara porini anasema, hapo palikuwa mji. Na mara nyingi ukienda unakuta vigae vya chungu. Wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya sabini, watu walihamishwa, nyumba zikaanguka, michikichi ikabaki. Hata kabla ya hapo, Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 mawese yalikuwa yanauzwa. Mchikichi haupendi giza la msitu, unapenda mahali mtu alipofyeka. Kwa hiyo hakuna aliyeipanda kwa mstari na hakuna aliyeikataza, mbegu ilianguka nyuma ya jiko, nyingine ndege kaidondosha, nyingine mtoto kaitupa akienda ziwani. Baba yake nani? Hajulikani. Na kwa sababu hajulikani kila mmoja ni mtu wake. Hapo Gombe, toka Jane Goodall alipoanza kuwatazama mwaka 1960, sokwe wanakula chikichi, wanamung'unya nyama ya nje kokwa wanaiacha. Huko Bossou, Guinea, sokwe wenzao wanaweka kokwa juu ya jiwe wanaipasua kwa jiwe lingine wanakula mise. Wa kwetu hawajajifunza, au wameona bora wawaachie kina mama wapasue. (Kicheko kirefu.)

Haya, narudi kwenye chensoo, mwenyekiti naona ananiangalia saa.

Ninachoomba ni kidogo. Kabla hujakata, zunguka shamba lako mara moja, na mzunguke na mama au bibi wa hapo nyumbani, kwa sababu wavunaji ni vijana lakini wapikaji ndo wanaijua. Muulize. Upi unazaa hata mwaka wa jua kali? Upi babu aliupanda akiwa mtu mzima na bado kijana anaufikia kwa mundu, yani haurefuki? Upi mafuta yake hayagandi haraka asubuhi? Kuna ile ambayo chikichi changa ni za kijani badala ya nyeusi, zikiiva zinageuka rangi ya chungwa, hizo ni chache sana, ukiwa nayo usiguse na shoka. Upi ulinyauka na ukainuka? Hata mmoja tu, hata miwili ya pembeni mwa shamba, iache. Mingine kata, panda tenera kwa mita tisa tisa pembetatu, inaingia kama 58 kwa heka. Huo mmoja uliobaki hautakuzuia kutajirika.

Najua mtaniuliza, na faida? Kesho asubuhi, hakuna, nawaambia ukweli. Wataalamu wa Kihinga wakitaka mama na baba wapya wa mbegu za hapahapa, wanaozoea vilima vyetu, watatafuta wapi? Wataenda Johor kuomba michikichi ya Ilagala? Mimi nitaona aibu.

Nimekuja na shuka jekundu la zamani, nimelichana vipande, viko kwenye hiki kikapu. Kila mwenye mchikichi anaoujua achukue kimoja akaufunge, na aniletee kitaluni jina la mahali na sababu, sababu kwa maneno yake, mimi nitaandika kwenye daftari. Nani anaanza? Usiangalie chini. Mzee wangu hapo mbele, wewe nimekuona unatikisa kichwa toka nimeanza kuongea, una mchikichi?

(Mzee akasimama. Akasema anao mmoja nyuma ya choo cha shule, sio wake, ni wa shule, lakini yeye ndo amekuwa akiuvuna toka shule haijajengwa. Mwaka ule muhogo wote ulipokauka ulitoa mikungu mitano. Wiki ijayo unakatwa, wanajenga matundu mapya ya choo. Mwalimu mkuu alikuwepo, amekaa mstari wa pili, akasema hakujua. Akauliza kama hayo matundu yanaweza kusogezwa hatua sita upande wa kiwanja, fundi akasema mchanga bado haujamwagwa. Tukatoka wote kwenda kuuangalia na kile kitambaa, mvua ikatukuta hukohuko.)